Vidonge vya Tezi na Kipato cha Msimu

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, ikiwa na mbawa mbili zilizoungana kama za kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kati ya gramu 15 na 25 tu. Kazi yake ni kunyonya madini joto kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni, hasa thairoksini, inayoamua moyo upige kwa kasi gani, mwili utoe joto kiasi gani, utumbo usukume chakula kwa haraka ipi, na ubongo wa mtoto ukue au udumae. Tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, ndiyo msimamizi. Homoni zikipungua kwenye damu, pituitari hupandisha homoni yake iitwayo TSH ili kuichochea thairoidi. Kwa hiyo tezi ya shingo inapodhoofika, TSH huwa juu, na kupima kitu hicho kimoja hutosha kuufichua ugonjwa kwa wagonjwa walio wengi. Mgonjwa mwenye fedha kidogo akilijua jambo hili moja, atajua pia azitumie wapi.

Kiswahili kina jina la kale la uvimbe wa tezi hii, rovu. Siku hizi wengi husema goita au tezi la shingo. Majina hayo yamewazoesha watu kudhani kwamba ugonjwa wa thairoidi lazima uonekane shingoni. Sivyo. Mtu anaweza kuwa na rovu kubwa huku homoni zake ziko sawa kabisa, na mwingine akawa na shingo isiyo na uvimbe wowote wakati tezi yake imeshanyauka. Kinachojadiliwa hapa ni upungufu wa homoni, uvimbe uwepo au usiwepo.

Dalili huja polepole, kwa miezi au miaka, na kila moja ikitazamwa peke yake huonekana ya kawaida: uchovu usioondoka kwa usingizi, uzito unaoongezeka ilhali chakula ni kilekile, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinazokatika, sauti inayokwaruza, uso na kope kuvimba asubuhi, hedhi nzito, kusahau, na huzuni isiyojulikana imetoka wapi. Mapigo ya moyo hushuka, mara nyingine chini ya 60 kwa dakika. Dalili moja ina uzito wa pekee katika pwani ya Mikindani mkoani Mtwara, ambako joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, nayo ni kuhisi baridi. Mwanamke anayejifunika kanga mbili saa nane mchana, katika joto la kaskazi, wakati majirani wamekimbilia kivuli cha mkungu, anastahili kupimwa tezi kabla ya kuandikiwa dawa ya malaria kwa mara ya nne.

Malaria, upungufu wa damu na ukomo wa hedhi vinajulikana zaidi, kwa hiyo lawama huangukia huko kwanza. Hata upungufu wa damu unapothibitika, huenda nao umetokana na tezi: homoni ikipungua hedhi huwa nzito na damu hupotea kila mwezi, na vidonge vya kuongeza damu havimalizi tatizo ambalo chanzo chake hakijaguswa. Vibaya zaidi, mgonjwa huitwa mvivu, au husemwa amerogwa, na fedha ambazo zingelipia kipimo kimoja huishia kwa mganga. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, maana ugonjwa huu huwapata mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa baada ya umri wa miaka 40 na katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua.

Chanzo kikuu duniani, mahali ambapo madini joto yanatosha, ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani, ndiye aliyeeleza hali hiyo mwaka 1912, na ugonjwa umebaki na jina lake. Chanzo cha pili ni upasuaji. Aliyeondolewa goita yote atahitaji homoni ya kidonge maisha yake yote, na aliyeondolewa sehemu tu anaweza kuihitaji baada ya miaka. Jambo hili mgonjwa anapaswa kuambiwa kabla ya kisu, kwa sababu bei ya upasuaji haiishii siku ya kutoka wodini. Baadhi ya dawa nazo hulegeza tezi: lithiamu ya magonjwa ya akili, amiodaroni ya moyo, na ethionamidi inayotumika kwa kifua kikuu sugu. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayenenepa na kuvimba uso katikati ya matibabu hajapona haraka kuliko wenzake; huenda tezi imelala.

Kisha kuna upungufu wa madini joto wenyewe, na hapa pwani ya kusini ya Tanzania ina kisa chake.

Watu wengi wa pwani huamini kwamba chumvi ya bahari haiwezi kukosa madini joto, kwa kuwa bahari ndiyo chimbuko lake. Hesabu inakataa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi na madini joto yasiyozidi sehemu 6 kati ya 100 za miligramu. Hata kama yote yangebaki kwenye chumvi baada ya jua kuyakausha maji, kilo moja isingefikisha miligramu 2, na kwa kweli mengi hayabaki. Kiwango kinachotakiwa chumvi ifikapo jikoni ni angalau miligramu 15 kwa kilo. Chumvi ya mawe inayovunwa kwenye majaruba nyuma ya mikoko, kati ya Lindi na mlango wa Ruvuma, ni nyeupe na safi, lakini isiponyunyiziwa iodeti ya potasiamu kabla ya kufungwa kwenye viroba haina msaada wowote kwa tezi.

Taifa limelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi tangu miaka ya 1980, nyingi zikiwa za nyanda za juu. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kulazimisha chumvi ya kuliwa iongezwe madini joto. Matunda yake yalionekana: goita kwa watoto wa shule, iliyokadiriwa kuwa karibu asilimia 25 katika miaka ya 1980, ilishuka hadi karibu asilimia 7 ilipopimwa mwaka 2004. Ni moja ya kazi kubwa za afya ya jamii nchini, na husahaulika kwa sababu watoto waliookolewa hawajui kwamba waliokolewa.

Ila mafanikio hayo hayakugawanyika sawasawa. Tafiti za kitaifa za kaya katika miaka ya 2000 na baadaye zimeiweka Lindi na Mtwara miongoni mwa mikoa yenye kaya chache zaidi zinazotumia chumvi yenye madini joto ya kutosha. Sababu si ujinga wa wananchi. Mahali panapozalisha chumvi, chumvi hununuliwa shambani kwa mzalishaji mdogo, kwa debe au kiroba, kabla haijapita kwenye mtambo wowote. Iodeti hununuliwa kutoka nje ya nchi, na mzalishaji mwenye majaruba machache hana mtaji wa kuiweka akiba. Hivyo mlaji wa Songea, anayeletewa chumvi ya pakiti kutoka mbali, anaweza kuwa salama kuliko jirani wa shamba la chumvi. Samaki wa baharini hupunguza pengo hilo, lakini familia ya mvuvi mara nyingi huuza samaki na kubaki na kisamvu. Mwani unaolimwa pwani hii una madini joto mengi, tena mengi kupita kiasi na kwa viwango visivyotabirika, kwa hiyo si dawa ya kujitengenezea nyumbani. Madini joto yakizidi sana nayo huweza kuizima tezi iliyo dhaifu.

Muhogo huongeza uzito wa tatizo. Aina chungu, ambazo Wamakonde na majirani zao hupenda kuzipanda kwa sababu nguruwe mwitu na wezi huziogopa, zina viini vya sianidi. Mwili huigeuza sianidi kuwa thaiosianeti, na thaiosianeti hushindana na madini joto mlangoni mwa tezi. Mwenye madini joto ya kutosha hashindwi kirahisi, asiyenayo hushindwa. Kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti waliofanya kazi tangu miaka ya 1960 walionyesha jinsi muhogo na uhaba wa madini joto vilivyoshirikiana kuleta goita na watoto waliodumaa akili. Mkoa wa Mtwara unazijua sumu za muhogo kwa njia nyingine, kwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipata wagonjwa wa konzo, ule ulemavu wa miguu unaofuata majira ya njaa ambapo muhogo huliwa kabla haujaandaliwa ipasavyo. Kinga iliyofundishwa vijijini baadaye inafaa pia kwa tezi, na haina gharama: unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, sianidi hupaa, kisha ugali husongwa siku hiyohiyo.

Chumvi yenye madini joto, kwa upande wake, hutunzwa kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na hutiwa chakula kikikaribia kuiva. Kuiosha chumvi ya mawe ili iwe nyeupe ni kuyamwaga madini joto yote. Wala haifai kuongeza chumvi kwa ajili ya tezi: kisichozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ndicho kiwango cha kulinda shinikizo la damu, na kilicho muhimu ni aina ya chumvi.

Hayo yote ni kinga. Tezi iliyokwisha kuharibiwa na kinga ya mwili, au iliyotolewa kwa upasuaji, hairudishwi na chumvi, samaki, mwani wala dawa ya mizizi. Hapo hubaki kidonge.

Kidonge hicho ni levothairoksini, kinachoandikwa levothyroxine kwenye pakiti. Ni thairoksini ileile inayotengenezwa na tezi, ila imeundwa kiwandani. Historia yake inatia moyo. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama huyo aliishi hadi 1919, akiwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Edward Kendall wa Marekani aliitenga thairoksini mwaka 1914, na Charles Harington na George Barger wakafaulu kuiunda maabara mwaka 1927. Hakuna kampuni inayoimiliki leo. Viwanda vingi huitengeneza, Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, na kwa dawa inayotumika maisha yote bei yake ni ya chini. Kinachomlemea mgonjwa wa Mikindani ni mambo yanayoizunguka dawa: nauli, vipimo visivyo vya lazima, na siku ambazo dawa haipo dukani.

TSH haipimwi kwenye zahanati za kawaida. Kutoka Mikindani hadi mjini Mtwara ni kama kilomita 10, safari ya daladala au bajaji; Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iko mjini, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo. Kwa anayeishi Msimbati, Kilambo au Kitaya, karibu na Ruvuma, safari hiyo hula siku nzima na kibarua cha siku hiyo. Kwa hiyo kila safari ni lazima izae jibu. Mgonjwa anayeshukiwa kwa mara ya kwanza anahitaji TSH. Ikitoka ya kawaida, takriban kati ya 0.4 na 4, kwa wengi suala limekwisha na sababu nyingine itafutwe. Ikipita 10, matibabu huanza. Ikiwa kati ya 4 na 10 na dalili si kali, jambo la busara ni kurudia baada ya miezi miwili au mitatu, maana nyingi hushuka zenyewe, na wazee waliopita miaka 70 mara nyingi hawahitaji dawa kwa kiwango hicho. Kumwanzishia mtu dawa ya maisha kwa sababu ya namba moja iliyopanda kidogo ni kumbebesha mzigo usio wake.

Vifurushi vya vipimo vya tezi, ambavyo hujumlisha homoni za tezi zenyewe, T3 na T4 (thairoksini), pamoja na kingamwili na picha ya shingo, haviongezi kitu kwa mgonjwa wa kawaida wa upungufu. Picha ya shingo ni kwa aliye na uvimbe unaopapaswa. Kingamwili hueleza chanzo lakini hazibadilishi dozi. T3 mara nyingi hubaki ya kawaida hata ugonjwa ukiwapo, kwa hiyo humpotosha asiyeijua. Mgonjwa ana haki ya kuuliza bei ya kila kipimo kabla ya sindano na kuomba TSH peke yake. Daktari mzuri haoni vibaya.

Wapo ambao TSH hudanganya kwao, na katika nchi ambako kina mama bado hupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua hawa wasisahauliwe. Damu ikimwagika kupita kiasi, pituitari yenyewe huweza kufa. Mama huyo hapati maziwa ya kunyonyesha, hedhi hairudi, nywele za mwilini hupukutika, na uchovu humzidi mwaka hadi mwaka. TSH yake inaweza kuonekana ya kawaida, kwa kuwa msimamizi ndiye aliyeanguka. Hapo ni lazima ipimwe T4 huru, na homoni ya tezi za juu ya figo irudishwe kwanza kabla ya thairoksini, la sivyo kidonge kinaweza kumuua. Historia ya uzazi huulizwa bure, na inapaswa kuulizwa kila mara.

Dozi ya mtu mzima mwenye afya ya moyo, ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, hukaribia maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 hufikia 96, yaani kidonge cha 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 25 na kupanda taratibu. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake hutoka baada ya siku saba hivi, na sifa hiyo ni rafiki mkubwa wa mwenye kipato kidogo. Kwanza, hakuna haja ya kupima kabla ya wiki sita hadi nane tangu dozi ianze au ibadilishwe. Kipimo cha wiki ya pili ni fedha iliyotupwa. Pili, kinachohesabika ni wastani wa wiki. Anayehitaji 75, na dukani kuna vidonge vya 100 peke yake, anaweza kumeza kimoja leo na nusu kesho. Tatu, siku moja ikisahauliwa haileti madhara. Dozi humezwa pale inapokumbukwa, au mbili kesho yake kwa asiye na tatizo la moyo. TSH ikishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka hutosha, isipokuwa uzito umebadilika sana, mimba imeingia, au dalili zimerudi.

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Maziwa, uji wa soya, dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma huikamata dawa tumboni isiingie kwenye damu. Kosa linalowapata zaidi kina mama ni kumeza vidonge vya kuongeza damu vya kliniki pamoja na vya tezi kwa funda moja la maji. Kati yao zinatakiwa saa nne. Asiyeweza kusubiri chai asubuhi anaweza kumeza usiku, saa tatu baada ya chakula cha mwisho, bora asibadilishebadilishe. Mpango huo wa usiku ndio unaofaa mwezi wa Ramadhani katika mji wenye Waislamu wengi kama Mikindani: futari huliwa, saa tatu hupita, kidonge humezwa wakati wa kulala. Anayelala mapema anaweza kumeza anapoamka, nusu saa kabla ya daku. Hakuna sababu ya kuacha dawa mwezi mzima.

Joto na unyevu huiharibu levothairoksini kimyakimya. Watengenezaji wengi huelekeza itunzwe chini ya nyuzi 25, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari huzidi hapo kuanzia asubuhi. Vidonge hubaki ndani ya karatasi yake hadi siku ya kumezwa, ndani ya kopo linalofunga vizuri, na kopo huwekwa mahali pa baridi kuliko pote nyumbani: chini ya kitanda kwenye sakafu ya udongo au saruji, au ndani ya chungu kikavu kilichozungukwa na mchanga uliolowanishwa. Dirishani na juu ya kabati karibu na bati ni mahali pabaya. Mgonjwa ambaye TSH yake imepanda bila sababu aulizwe anaiweka wapi dawa kabla ya kuongezewa dozi.

Kipato cha Mtwara hakigawanyiki sawa kwa miezi 12. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo huja kupitia vyama vya msingi, na kufikia Machi nyumba nyingi zimerudi kwenye kuhesabu. Mvuvi naye hutegemea upepo; kusi ikivuma kwa nguvu, siku za kukaa pwani huongezeka. Maagizo ya hospitali, kwa kawaida, hutolewa kana kwamba kila mgonjwa analipwa mshahara tarehe 30. Mpango wenye akili hufuata msimu. TSH ya mwaka hupimwa Novemba au Desemba, dozi huthibitishwa, na vidonge vya miezi sita au zaidi hununuliwa kwa mkupuo mmoja kwenye famasi, maana si kila duka la dawa muhimu huweka dawa hii. Tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kabla ya kulipa, na ikiwezekana iwe dawa ya mtengenezaji yuleyule. Daktari anaweza kuandika cheti cha muda mrefu akiombwa. Jambo hili dogo huokoa nauli za safari tano.

Fedha zikipungua hata hivyo, mpangilio wa kipaumbele uko wazi: vidonge kwanza, kisha TSH, vingine vyote baadaye. Ni kosa kuacha dawa kwa kuwa hakuna fedha ya kipimo. Aliyetulia kwa dozi moja kwa miaka anaweza kuendelea nayo kipimo kikichelewa, huku akihesabu mapigo ya moyo na kupima uzito kwenye mizani ya zahanati. Moyo ukianza kwenda mbio, mikono ikitetemeka na usingizi ukipotea, dozi imezidi. Baridi, uvimbe wa uso na choo kigumu vikirudi, imepungua. Vidonge vikikaribia kwisha na fedha haijapatikana, nusu dozi ya kila siku kwa wiki chache ni bora kuliko kumeza kamili kisha kukatika kabisa, isipokuwa kwa mjamzito na mtoto, ambao kwao hakuna cha kupunguza.

Njia za kusaidiwa zipo, ingawa zinahitaji uvumilivu. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, CHF, ulikuwa ukichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga kila mkazi awe na bima. Kwa vyovyote, kadi ya bima isikatwe kabla ya kuuliza swali moja: je, TSH na levothairoksini vimo? Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba msamaha wa gharama kupitia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji chake. Barua hiyo ichukuliwe kabla ya kuugua sana, kwa kuwa mgonjwa wa tezi aliyeachwa muda mrefu huweza kufika hatua ambayo mwili hupoa, pumzi hupungua, akili huchanganyikiwa na usingizi haumwachi. Hiyo ni dharura ya kulazwa mara moja, na kidonge cha nyumbani hakitoshi tena.

Mjamzito ana hesabu yake. Katika miezi mitatu ya kwanza ubongo wa mtoto hutegemea thairoksini ya mama, kwa sababu tezi ya mtoto haijaanza kazi. Mama aliye kwenye dawa anapokosa hedhi na kujua ana mimba, dozi huongezwa kwa robo au zaidi kidogo, na njia rahisi ni kumeza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, kisha kufika kliniki mapema ili TSH ipimwe kila baada ya wiki nne hivi hadi mimba ifike nusu. Kusubiri hadi tumbo lionekane ni kuupitisha wakati ambao dawa ina kazi kubwa zaidi. Kunyonyesha huku akimeza dawa hakuna madhara.

Mtoto anayezaliwa bila tezi inayofanya kazi, mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 kwa makadirio ya dunia, huonekana mzima siku ya kwanza. Nchi tajiri humtambua kwa tone la damu la kisigino. Tanzania bado haina mpango wa kitaifa wa kipimo hicho, kwa hiyo macho ya mkunga na ya bibi ndiyo yanayobaki. Manjano isiyoisha baada ya wiki mbili, kitovu kilichotokeza, ulimi mkubwa, choo cha nadra, kilio cha sauti nzito na mtoto mtulivu mno anayesifiwa kwa kulala sana: hizo ni sababu za kwenda hospitali wiki hiyohiyo, bila kungoja msimu wala mnada. Dawa yake ni kidonge kilekile cha bei nafuu, kikisagwa na kutiwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Akianza kabla ya wiki mbili, hukua na akili kama wenzake. Akianza baada ya miezi sita, mwili utarefuka, lakini sehemu ya akili iliyopotea hairudi.